Mfumo wa taarifa katika biashara: kutoka mizani ya kahawa hadi meza ya bodi

Mkulima wa Kibosho, Kilimanjaro, akifikisha kahawa yake iliyokauka kwenye chama cha msingi cha ushirika, karani huiweka kwenye mizani na kuandika jina, namba ya uanachama, tarehe na uzito: kilo 47. Hiyo 47 ni data. Ni kweli, imeandikwa, lakini ikikaa peke yake hakuna mtu anayeweza kuamua jambo kwa kuitazama. Sasa jumlisha kilo zote zilizopokelewa wiki hiyo, zilinganishe na wiki kama hiyo msimu uliopita, kisha uhesabu magunia yaliyomo stoo. Hapo mwenyekiti anajua kama aagize lori la kwenda kiwanda cha kukoboa mjini Moshi kesho au asubiri mzigo uongezeke. Data zimekuwa taarifa, kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na uamuzi mkononi nazo zimemsaidia kuufanya.

Ndiyo maana namba zilezile huwa taarifa tofauti kwa watu tofauti. Mkulima anataka kujua atalipwa kiasi gani na lini. Mhasibu anataka kujua chama kinadaiwa kiasi gani. Mnunuzi kwenye mnada wa Moshi hana haja na jina la mkulima. Anatazama daraja la kahawa, ukubwa wa punje na matokeo ya wanaoionja. Ukimpa kila mmoja wao kitabu kizima cha mapokezi, umewapa karatasi nyingi na jibu hakuna aliyelipata.

Mfumo wa taarifa, basi, ni mpangilio wa watu, taratibu, data na vifaa unaokusanya data, kuzichakata, kuzitunza na kuzifikisha kwa anayezihitaji, kisha kurudisha mrejesho ili kosa lionekane na kurekebishwa. Kompyuta ni sehemu ya vifaa tu. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona wafanyabiashara wengi wakinunua programu wakiamini wamenunua mfumo.

Ushirika wa Kilimanjaro ni ushahidi mzuri. Chama cha wakulima wa kahawa kilianzishwa hapa mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikafuata mwaka 1933. Wakati huo hakuna aliyeota habari za kompyuta mlimani, lakini kahawa ya maelfu ya wakulima wenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vidogo ilikusanywa, ikauzwa kwa pamoja, na fedha zikagawanywa. Haya hayawezekani bila leja na stakabadhi, wala bila makarani wanaofuata utaratibu mmoja. Huo ulikuwa mfumo wa taarifa kamili, wa kalamu na karatasi.

Tazama jinsi viungo vyake vinavyoshikana. Kahawa inayotoka kwa mkulima bado ina ganda jembamba. Ikishakobolewa, kilo 100 hubaki takriban 80 za kahawa safi, kutegemea ubora na unyevu. Kwa hiyo chama kikipeleka kilo 10,000 kiwandani na hati ya kiwanda ikaonyesha kilo 7,000, tofauti hiyo lazima iulizwe: mizani ya chama ina hitilafu, kahawa ilipokelewa mbichi mno, au mzigo umepungua njiani? Swali hilo haliwezi hata kuzaliwa kama daftari la mapokezi liko kwa karani, hati za lori ziko kwa dereva, na ripoti ya kiwanda iko kwenye simu ya mwenyekiti. Nguvu ya mfumo iko pale rekodi mbili zinapokutana. Kinachozikutanisha kwa kawaida ni kitu kidogo sana, namba moja ya shehena inayoandikwa kwenye kila karatasi tangu gunia linapofungwa mpaka fedha za mnada zinaporudi. Chama kisichoandika namba hiyo kitabaki kubishana na wanachama wake kila msimu wa malipo, hata kikiwa na kompyuta mpya.

Ndani ya shirika, taarifa hupanda ngazi. Chini kabisa ni miamala ya kila siku: kupokea, kuuza, kulipa. Katikati, meneja anahitaji muhtasari wa wiki au mwezi. Juu, bodi inahitaji kuona mwelekeo wa miaka kadhaa ili iamue kama ikope, ijenge ghala au iongeze eneo. Ngazi ya juu haiwezi kuwa sahihi kuliko ya chini, kwa hiyo karani wa mizani anastahili mafunzo na heshima kuliko anavyopewa sasa.

Duka la kawaida lina somo lake pia. Mashine za EFD, zile za kielektroniki za kutoa risiti za kodi, zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mbuyuni hutoa risiti na kupata ripoti ya mauzo ya siku. Ripoti hiyo ni ya thamani, lakini inasema alichouza tu. Haisemi saruji imebaki mifuko mingapi, mteja yupi amekopa mabati, wala bei ya kununulia ilikuwa kiasi gani. Mtu anaweza kuona mauzo yakipanda kila mwezi huku faida ikishuka, asijue mpaka siku anapokosa fedha za kununua mzigo. Anachokosa ni rekodi ya manunuzi, ya stoo na ya madeni, zikisomwa pamoja na ile ya mauzo.

Arusha, kwenye kampuni za utalii, tatizo huwa la wakati. Wageni wanaongezeka kati ya Juni na Oktoba, na maombi huingia kwa barua pepe, kwa WhatsApp na kwa simu. Kama kila mfanyakazi anatunza maombi yake mwenyewe, gari moja litaahidiwa makundi mawili, na habari itajulikana asubuhi ya safari. Taarifa hiyo ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ilichelewa tu kumfikia mpangaji wa magari, na taarifa iliyochelewa kiasi hicho haimsaidii mtu. Jedwali moja ambalo wote wanaliona na kuliandika papo hapo lingetosha kwa kampuni yenye magari machache.

Kampuni hizohizo hutunza nakala za pasipoti za wageni, na vyama vya msingi hutunza namba za simu na akaunti za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa kusudi alilozikusanyia na azilinde. Kwa hiyo nani anafungua faili gani ni sehemu ya mfumo, sawa na nenosiri na nakala rudufu inayotunzwa nje ya jengo la ofisi.

Anayetaka kujenga mfumo aanze na maamuzi. Aandike yale anayofanya kila wiki: kuagiza, kukopesha, kupanga magari, kulipa wakulima. Mbele ya kila moja aandike namba anayohitaji, inazaliwa wapi, nani anaiandika, na inamfikia baada ya siku ngapi. Mahali penye pengo pataonekana haraka. Mapengo mengi huzibwa kwa daftari moja la pamoja na saa maalumu ya kulijaza. Yale yasiyozibika hivyo, kwa sababu miamala ni mingi au matawi yako mbali, ndiyo ya kumpelekea muuza programu, na hapo utajua cha kumuuliza kabla hajakutajia bei.