Mijongeo ya skrini: iwashwe tangu mwanzo au izimwe?

Uhuishaji wa kiolesura ni ule mjongeo unaouona dirisha linapofunguka kwa kutanuka, menyu inapoteremka taratibu, au barua uliyoishusha, yaani uliyoificha kwa muda bila kuifunga, inapojikunja hadi kwenye mstari wa chini wa skrini. Kompyuta haiuhitaji ili kufanya kazi. Dirisha lingeweza kutoweka papo hapo. Ndipo linapozuka swali: mtengenezaji wa mfumo auwashe kama chaguo-msingi, yaani hali inayokuja na mashine kabla hujagusa kitu, au auzime na anayeutaka ajiwashie?

Swali si dogo. Watu wengi hawafungui mipangilio kamwe, kwa hiyo alichokichagua mtengenezaji ndicho watakachoishi nacho.

Mtazame mama anayejifunza kompyuta kwenye duka la kuchapa barua pale Chake Chake. Amebonyeza kialama cha kushusha, kona ya juu. Uhuishaji ukiwa umezimwa, barua imetoweka, mkono unaachia mausi na anamgeukia kijana wa duka: "Mwanangu, imefutika?" Ukiwa umewashwa, jicho lake limeifuata barua mpaka kwenye kitufe chake chini, na anajua pa kuitafuta. Mjongeo umemweleza barua ilikokwenda, tena bila neno hata moja la Kiingereza. Kwa sababu hiyo mimi nasema uwashwe.

Ila kwa masharti. Skrini ya kawaida huonyesha picha 60 kwa sekunde, kila picha milisekunde 16.7 hivi, kwa hiyo mjongeo wa milisekunde 200 una picha 12. Laptopu ya mtumba iliyonunuliwa Darajani, ambayo kadi yake ya michoro haijapata draiva, yaani programu ya kuiendesha, ikiweza kuchora 3 tu kati ya hizo, dirisha linaruka badala ya kuteremka, na mwenyewe anaiona mashine nzito kuliko ilivyo. Mfumo unatakiwa ulitambue hilo wenyewe. GNOME, kiolesura kinachotumika kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure, hufanya hivyo: ikiona prosesa ndiyo inayochora badala ya kadi ya michoro, huzima uhuishaji bila kuulizwa. Natamani mifumo yote ingekuwa hivyo.

Na wapo wanaoumizwa nao. Mwenye maradhi ya sikio la ndani, linalosaidia mwili usiyumbe, anaweza kushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu vitu vikitanuka na kuteleza mbele ya macho. Apple ilipotoa iOS 7, mfumo wa simu zake za iPhone, mwaka 2013, watumiaji walilalamika hasa hivyo, na toleo la 7.0.3 la mwaka huo huo likaipa nguvu zaidi swichi ya kupunguza mijongeo. Windows 11 na macOS nazo zina swichi kama hiyo, ndani ya sehemu ya ufikivu, yaani mipangilio ya kuwasaidia wenye ulemavu au maradhi. Huko ndani ni mbali mno kwa mtu ambaye kichwa kimeshaanza kumzunguka. Aulizwe siku ya kwanza, pale pale mashine inapomuuliza lugha na saa za nchi yake.