Seli za kinga: usiangalie tu zinakaa wapi, uliza zimetoka wapi

Ukienda kliniki yoyote hapa Kampala wakakupima CBC (kipimo cha kuhesabu seli za damu), unarudishiwa karatasi ina nyutrofili, limfositi, monositi, eosinofili na basofili, zote aina za seli nyeupe za kinga, afu kuanzia hapo kila mtu kwenye grupu la WhatsApp ni daktari. Mengine wanayosema yanachekesha tu, ila mengine hata wanafunzi wa afya wanayabeba mpaka kwenye mtihani. Nichukue machache.

"Seli nyeupe zote ni kitu kimoja na zinazaliwa kwenye damu."

Hapana, damu inazisafirisha tu. Kwa mtu mzima nyingi zinatoka kwenye uboho, ndani ya mifupa, ambako seli shina (seli mama ya zote) inatoa watoto wa pande mbili kubwa: upande wa mailoidi (nyutrofili, monositi na wenzao) na upande wa limfoidi (limfositi, yaani seli B na seli T, pamoja na seli NK, zile za kuua). Seli T zinaondoka huko zikiwa bado changa zikamalizie kukua kwenye thaimasi, tezi ya kifuani. Na huo mgawanyo wenyewe sio msumeno, kuna aina moja ya seli za dendriti (zile zenye matawi, zinazoonyesha seli T adui ni nani) ambayo mpaka leo wataalamu wanabishana iwekwe upande gani.

"Limfoidi ndio kinga inayojifunza, mailoidi ndio ile ya kuzaliwa nayo."

Seli NK ni limfoidi kabisa na bado zinaua seli yenye virusi bila kusubiri kufundishwa. Asili ni swali moja, kazi ni swali lingine, basi.

"Makrofaji zote ni monositi zilizotoka kwenye damu zikahamia kwenye viungo."

Hii ndio kubwa (makrofaji ni seli zinazomeza vijidudu na uchafu mwilini), na usimcheke anayeiamini maana vitabu vyenyewe vilifundisha hivyo tangu miaka ya 1970, monositi inatoka kwenye damu, inaingia kwenye ini au mapafu au ubongo, inageuka makrofaji, imeisha hiyo. Mwaka 2010 utafiti wa panya ukaonyesha kwamba maikroglia, yaani makrofaji za ubongo, zinatokana na seli za mfuko wa kiini, ule unaokuwa na kiinitete siku za mwanzo kabisa kabla uboho haujakuwepo. Zinaingia kwenye ubongo mapema, zinabaki humo na kuzaana zenyewe kwa zenyewe bila kungoja mtu kutoka kwenye damu. Makrofaji za ini na za mapafu nazo sehemu kubwa zinapandwa kabla mtoto hajazaliwa. Ila za utumbo ni tofauti, hizo kweli zinajazwa na monositi kila wakati, kwa hiyo ukisema "makrofaji" tu bado hujaniambia kitu. Ni kama Muganda wa ukoo wa Ngonge aliyehamia Arua na jirani yake aliyezaliwa hukohuko, wanachota maji kisima kimoja lakini ukoo sio mmoja.

Seli za Langerhans za kwenye ngozi ndio zilichanganya watu kuliko zote. Paul Langerhans aliziona mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi, akadhani ni za mishipa ya fahamu kwa sababu zina matawi. Baadaye zikaitwa za dendriti kwa sababu ya kazi zinazofanya, leo ukifuata asili yake unakuta ni ndugu wa makrofaji. Na kuna mtu aliyepandikizwa mkono wa mtu mwingine, baada ya miaka ngozi ya mkono ule bado ilikuwa na seli za Langerhans za mwenye mkono, sio za mpokeaji! Ndio maana mwaka 2014 wanasayansi kadhaa wakapendekeza tuanze na asili kwanza, halafu ndio mahali na kazi.

"Uvimbe wa taya kwa mtoto ni ugonjwa wa meno au wa mfupa."

Banange, hii inagharimu watoto. Meno yanalegea, mzazi anapeleka mtoto kung'olewa jino, wiki zinapita uvimbe unakua. Hata Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago hapa Kampala, alipoandika kuhusu uvimbe huo mwaka 1958 aliuita sarkoma ya taya, jina la kansa za mifupa na nyama. Wapatholojia wa hapahapa Mulago ndio walioangalia seli zenyewe wakaona ni limfoma, yaani kansa ya limfositi, na leo tunajua zimetokana na seli B. Taya ni pale ilipojitokeza tu. Tofauti hiyo sio ya majina, kwa sababu kansa ya seli B ya namna hii kisu hakiimalizi, lakini dawa kama saiklofosfamaidi zinaiyeyusha vizuri, na kituo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 ndicho kilichozaa Uganda Cancer Institute.

"CD4 ni seli, na virusi vya UKIMWI vinakaa humo peke yake."

CD4 ni protini iliyo juu ya seli. Seli T wasaidizi wanayo kwa wingi, lakini monositi na makrofaji nao wanayo kidogo, na kidogo hicho kinatosha virusi kuingia, maikroglia wakiwemo. Kile kipimo cha kliniki kinahesabu seli T zinazozunguka kwenye damu tu. Maikroglia hawazunguki na hawabadilishwi na wageni kutoka kwenye uboho, wanaishi muda mrefu, kwa hiyo ubongo unakuwa mojawapo ya maficho ya virusi hata kwa mtu anayemeza ARV vizuri na CD4 yake iko juu.