Sikio la msemaji wa Kihispania halipimwi kwa maneno ya Kiingereza

Mzee mzaliwa wa Mexico anaingia chumba cha kupimia usikivu huko Los Angeles. Anavishwa hedifoni, anaambiwa arudie kila neno atakalolisikia. Yanakuja: "baseball", "hotdog", "airplane". Mengine anayarudia, mengine yanampita. Sasa ni sikio limepungua nguvu, au Kiingereza ndicho kimempiga chenga? Alama peke yake haiwezi kutuambia.

Ule mlio wa "pii", wa hezi 250 hadi 8,000, hauna lugha. Hapo atapimika vizuri tu. Lakini watu hawaji kwetu kulalamikia "pii". Wanakuja kwa sababu mezani hawamwelewi mjukuu. Ndiyo maana lazima tupime maneno, na hapo kazi inakuwa ngumu.

Kutafsiri orodha hakusaidii. Vipimo vya Kiingereza hutegemea sana maneno ya silabi moja, au ya silabi mbili zenye mkazo sawa kama hayo matatu. Kihispania kina "pan", "sol", "luz" na mengine machache, basi. (Waswahili tunalijua hilo: hata "mtu" ni silabi mbili.) Ndiyo sababu mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Argentina, Juan Manuel Tato na wenzake walitunga orodha za maneno ya silabi mbili kwa ajili ya Kihispania chenyewe.

Tena Kihispania kipi? "Guagua" ni basi kwa Mkuba, ila kwa Mchile ni mtoto mchanga. Sehemu kubwa ya Hispania hutenganisha "casa", nyumba, na "caza", uwindaji, ambalo z yake husikika kama th ya "thamani". Mmexico hutamka yote mawili sawasawa. Watu wengi wa Karibi huidhoofisha s ya mwisho au huimeza kabisa. Ukimkosesha mtu alama kwa hayo, umepima alikozaliwa.

Na anayesahihisha je? Mpimaji asiyejua Kihispania, akijibiwa kwa sauti hafifu, atatofautishaje "pan" na "tan"?

Mimi napendelea tarakimu. Mgonjwa husikilizishwa namba tatu ndani ya kelele, kisha hubonyeza alichosikia kwenye skrini, na mpimaji hahitaji kujua lugha. Zina mtego wake: "dos" (2), "tres" (3) na "seis" (6) zina silabi moja, zilizobaki hadi "nueve" (9) zina mbili, hivyo msikilizaji mjanja hubahatisha kwa urefu. Kila rekodi hupandishwa au kushushwa sauti kidogo, mpaka ugumu wa namba zote ukaribiane. Baada ya hapo kipimo hujiendesha: akipata, kelele inazidi, akikosa, inapungua, mpaka kipatikane kiwango ambacho anapata nusu na kukosa nusu.