Kuweka romu mpya hakuhitaji ruti
Wengi bado wanaambiana kwamba huwezi kuweka romu mpya, yaani mfumo mwingine wa Android badala ya ule uliokuja na simu, mpaka simu iwe imerutiwa. Si kweli. Ruti ni ruhusa ya kugusa kila faili la mfumo uliomo sasa. Romu mpya inafuta mfumo huo, na ruti inaondoka nao.

Kinachohitajika ni butiloda (programu inayoanzisha mfumo simu inapowaka) isiyofungwa, na rikavari (programu ndogo iliyo nje ya mfumo, inayoweka romu) kama TWRP. Chukua Samsung Galaxy S III ya 2012, modeli I9300, iliyoishia Android 4.3. Izime, kisha bonyeza kwa pamoja vitufe vya kupunguza sauti, cha katikati na cha kuwasha. Onyo likitokea, kubali kwa kitufe cha kuongeza sauti, halafu kompyuta inaipelekea TWRP kupitia waya wa USB. Ruti haijaguswa popote. Kwa njia hiyo simu hii ilipata romu ya LineageOS 14.1, yaani Android 7.1.

Imani yenyewe ina chanzo: simu kadhaa za zamani ziliwekewa rikavari kwa programu ya ndani ya simu, nayo ilidai ruti. Kama yako imesharutiwa, hiyo ruti itumie kunakili sehemu ya EFS, tafadhali sana, kabla hujafuta chochote. Sehemu hiyo ikiharibika, IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, inapotea na laini haishiki mtandao.