Voliboli ya wanaume vyuoni Marekani: dhana potofu na ukweli kuhusu ubingwa wa taifa

Kila mwaka ifikapo Mei, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hupata bingwa wake wa voliboli ya wanaume. Ni mashindano matamu, na huniuma kusikia yakidharauliwa kwa hoja zisizo na msingi.

Dhana: Voliboli ni mchezo wa wanawake, wanaume wamedandia tu.

Kwa aliyekulia Kenya akiwashangilia Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake, si ajabu kuamini hivyo. Lakini William G. Morgan alipoubuni mchezo huu mwaka 1895 katika ukumbi wa YMCA mjini Holyoke, Massachusetts, aliwafikiria wanaume wa makamo waliotaka mazoezi yasiyo na kusukumana. NCAA nayo ilianza kuwashindanisha wanaume mwaka 1970, miaka 11 kabla ya wanawake.

Ni kweli kwamba leo timu za wanaume ni chache mno zikilinganishwa na za wanawake. Sababu ni pesa. Kwa miaka mingi, hadi kanuni zilipobadilishwa mwaka 2025, timu nzima ya wanaume iliruhusiwa nafasi 4.5 tu za ufadhili wa masomo, zikagawanywa vipande vipande kati ya wachezaji, ilhali wanawake wa Daraja la Kwanza, la juu kati ya madaraja matatu ya NCAA, walikuwa na 12. Wengi huilaumu Title IX, sheria ya 1972 inayovitaka vyuo kutowabagua wanafunzi kwa jinsia. Mimi naona lawama hiyo imeelekezwa pabaya. Sheria haikuizuia voliboli ya wanaume popote. Ila timu moja ya futiboli ya Kimarekani ya ngazi ya juu ilimeza nafasi 85 za ufadhili wa wanaume, na vyuo vilipotafuta uwiano wa jinsia, michezo midogo ya wanaume ndiyo iliyobanwa.

Dhana: Timu zote bora nchini hufika kwenye fainali za taifa.

Laiti ingekuwa hivyo! Hadi mwaka 2013 timu zilizoingia zilikuwa nne tu. Mwaka 2014 zikawa sita, na 2025 zikafika tisa. Kati ya hizo tisa, saba ziliingia kwa kuwa mabingwa wa ligi zao, kwa hiyo zikabaki nafasi mbili tu za kuteuliwa na kamati. Ligi za magharibi, Big West na MPSF, zimejaa vigogo wanaokutana wao kwa wao msimu mzima. Timu yaweza kuwa miongoni mwa zile kumi bora nchini, ipoteze mechi moja ya mwisho ya ligi, kisha ibaki nyumbani ikitazama.

Angalia Long Beach State, chuo cha California, mwaka 2025. Ilifungwa na Hawaii kwenye fainali ya Big West, ikaingia kwa mlango wa kamati, halafu ikatwaa taji la taifa mjini Columbus, Ohio, kwa kuibwaga UCLA, chuo cha Los Angeles, California, seti 3-0. Kwa hiyo anayesema nafasi za kamati ni za kuwahurumia walioshindwa, mwaka huo umemjibu.

Dhana: Basi mabingwa wa ligi ndogo waondolewe.

Hapa sikubaliani kabisa na wanaotetea vigogo. Mwaka 2024 Fort Valley State ya Georgia ilikuwa timu ya kwanza ya chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi kucheza katika mashindano haya. Mchezo usipowafungulia vyuo kama hivyo mlango, utakua kupitia kwa nani? Dawa ni kuongeza nafasi. Na ubingwa huu, tangu mwanzo, haukutengwa kwa vyuo vikubwa pekee: Daraja la Kwanza na la Pili hugombea kombe moja. Lewis ya Illinois, chuo cha Daraja la Pili, ilifika fainali mwaka 2015. Daraja la Tatu ndilo lenye ubingwa wake, tangu 2012.

Dhana: Kombe ni la California daima.

Kwa miaka 24 ya mwanzo, ndiyo. UCLA peke yake, chini ya kocha Al Scates aliyeifundisha hadi 2012, ilibeba mataji 19, na hadi 2025 ilikuwa nayo 21. Lakini Penn State ya Pennsylvania iliifunga UCLA hiyo hiyo mwaka 1994 na kulipeleka kombe mashariki, kisha BYU ya Utah ikalitwaa mara tatu. Kuanzia 2014 hadi 2017, Loyola Chicago na Ohio State zilipokezana mataji manne mfululizo. Hawaii ikashinda 2021 na 2022. Ilikuwa imeshinda 2002 pia, ila taji hilo lilifutwa, na la Lewis la 2003 vilevile.

Dhana: Ni michezo ya wanafunzi, haina uzito.

Karch Kiraly alikuwa bingwa akiwa UCLA mara tatu, kisha akavaa dhahabu ya Olimpiki 1984 na 1988, na tena 1996 kwenye voliboli ya ufukweni. TJ DeFalco, bingwa wa vyuo 2018 na 2019 akiwa Long Beach State, alikuwa katika kikosi cha Marekani kilichopata shaba mjini Paris mwaka 2024. Kocha wa kikosi hicho, John Speraw, miezi mitatu kabla alikuwa ameipa UCLA kombe la vyuo.