Unavuja Mkojo Wakati Gani?

Mwanamke anayekuja kwangu kwa tatizo la kuvuja mkojo huanza kwa kuzunguka. Atataja mgongo, atataja choo kigumu, na anapoinuka kuaga ndipo anasema: "Na mkojo nao, nikikohoa tu unatoka." Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na swali langu la kwanza ni moja: unatoka wakati gani? Matibabu yote yanafuata jibu hilo.

Ukitoka unapokohoa, kupiga chafya, kucheka au kunyanyua ndoo, mara nyingi misuli ya nyonga imelegea. Ndiyo inayoshikilia kibofu na mji wa mimba kutoka chini, na uzazi huivuta sana. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi ya kuikaza, na hadi leo tunaanza nayo kabla ya kufikiria upasuaji. Kaza kana kwamba unazuia ushuzi, uvute kwa juu. Tumbo, mapaja na makalio yatulie, wala usibane pumzi. Shikilia sekunde chache, legeza kabisa, rudia. Angalau mara 8 kwa mkupuo, mikupuo 3 kwa siku, kwa miezi 3. Hiyo miezi ndiyo inayowashinda wengi, maana wiki ya pili huoni kitu. Nakuomba usiache. Ukihisi chafya inakuja, kaza kwanza.

Wengi huuliza kwanza kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sababu huko hakuna anayewatazama usoni. Kusikia mwenzako akisema "hata mimi" ni nafuu kubwa, na simzuii mtu. Lakini shabu mnayoelekezana huko kuweka ukeni, dada zangu, haikazi misuli ya nyonga; inakausha na kuchubua uke. Na ukijinyima maji, mkojo unakuwa mkali, kibofu kinawashwa, na unakwenda chooni mara nyingi zaidi.

Wapo wanaobanwa ghafla, wakafika mlangoni wameshalowa. Hao tunapima mkojo na sukari, tunaangalia dawa za presha, tunapunguza chai na kahawa, kisha tunakizoesha kibofu kusubiri, dakika chache chache.

Ila ukivuja mfululizo, usiku na mchana, bila kukohoa wala kubanwa, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, usipoteze muda na mazoezi. Huenda ni fistula: kichwa cha mtoto kilikandamiza nyama za kibofu zikakosa damu, zikafa, likabaki tundu. Ukiwahi, mpira wa mkojo unaweza kutosha tundu dogo likajifunga; vinginevyo ni upasuaji. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, imekuwa ikitibu fistula bila malipo, na tangu 2009 ilianza kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa, kwa sababu wengi walikwama nyumbani kwa kukosa nauli tu.

Wagonjwa wangu Waislamu huniuliza sana kuhusu swala. Wengine wameacha kuswali kwa kujiona wana najisi, na hilo huniumiza. Wanazuoni wamefundisha kwamba mwenye udhuru wa kudumu hujisafisha, huweka pedi, hutawadha wakati wa swala ukishaingia, kisha huswali, hata tone likitoka. Muulize shekhe wako utaratibu kamili, na kliniki uje pia.