Kilo zimeshuka, mafuta yamepanda: mizani ya nyumbani inasoma nini?

Wiki ya kwanza ya kupunguza ugali, wali na sukari, mizani ya kielektroniki inaweza kuonyesha kilo mbili zimeshuka huku asilimia ya mafuta ikiwa imepanda. Wengi hukata tamaa hapo. Mafuta hayajaongezeka, mizani imekisia vibaya.

Mizani hii haipimi mafuta. Vile vibati vya chuma unavyovikanyaga hupitisha umeme hafifu, ambao hutauhisi, kutoka mguu mmoja hadi wa pili. Misuli ina maji mengi yenye chumvichumvi, kwa hiyo umeme hupita kwa urahisi. Mafuta yana maji kidogo na huuzuia. Kizuizi hicho ndicho kinachopimwa. Kisha chombo hukiingiza kwenye kanuni pamoja na uzito, urefu, umri na jinsia, kikakisia maji ya mwili, na kutoka kwenye maji kikakisia mafuta, kwa kuchukulia kwamba asilimia 73 hivi ya mwili usio mafuta ni maji. Ukitaka kujionea, ongeza urefu wako kwa sentimita 5 kwenye mipangilio, kisha upande tena papo hapo. Mafuta yatabadilika, na wewe hujatoka hata chumbani.

Ya wiki ya kwanza yanaanzia hapo. Ini na misuli huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, na kila gramu yake hushikilia takriban gramu 3 za maji. Ukila wanga kidogo, akiba hutumika na maji yake huishia kwenye mkojo. Umeme unapata njia kavu zaidi, na mizani inaita ukavu huo mafuta. Kujipima jioni ya Ramadhani kabla ya futari huleta mkanganyiko wa aina hiyohiyo. Hata ukinywa nusu lita ya maji na kupanda mara moja, uzito huongezeka kilo 0.5, lakini umeme unaozunguka miguuni na nyongani hauyaoni maji yaliyo tumboni, hivyo sehemu kubwa yake huandikwa mafuta. Kwa sababu hiyohiyo kitambi nacho hakisomwi vizuri, na ndicho wengi wanachotaka kukipunguza.

Magaga nayo huharibu kipimo: ngozi kavu na nene ya kisigino huzuia umeme. Sugua miguu, uifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na uweke mizani kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia. Pima asubuhi, baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, kwa siku 3 za wiki, utafute wastani. Linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki 4 zijazo. Jana na leo hazilinganishwi. Mizani ya jirani ina kanuni yake, iache.

Hata hivyo usiiamini mizani yako kupita kiasi. Chukua mtu aliyetoka kilo 84 na mafuta asilimia 32 hadi kilo 78 na asilimia 30. Kwa hesabu hiyo amepoteza mafuta kilo 3.5 tu, na kilo 2.5 za misuli na maji. Mizani ingesoma 27 badala ya 30, mafuta yaliyopotea yangekuwa kilo 5.8. Tofauti ya pointi 3 kwenye kioo cha mizani ni jambo la kawaida.

Futi ya fundi cherehani husema kweli zaidi kuhusu kitambi. Papasa ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati yake, bila nguo, ukimaliza kutoa pumzi na bila kubana tumbo. Futi ilale sawasawa hata mgongoni, tumia kioo. Futi ya kitambaa hurefuka kwa uzee, basi ilinganishe na rula kwanza. Kiuno kinapozidi nusu ya urefu wako, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huongezeka.

Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asipande mizani hii inayopitisha umeme mwilini. Na ukiona uzito unapanda haraka, mizani inadai mafuta yanashuka, na kidole ukibonyeza juu ya kifundo cha mguu kinaacha shimo, hayo ni maji yanayojaa miguuni: nenda kituo cha afya.